Sura ya Tisa: Ganda Lisilotikisa Mshale

"Usipumue," alisema Boyd Hanratty. "Ukipumua, mshale unasikia."

Sajini Dee Stipich akabana pumzi. Juu ya kaunta ya duka la bunduki, ganda tupu la risasi lilikuwa limelazwa kwenye kipimo, ncha ya kipimo ikigusa shingo yake, na juu ya ncha ile kulikuwa na kisahani cha kioo chenye mshale mwembamba kuliko unywele. Boyd alilizungusha ganda kwa kidole na gumba, polepole, mzunguko mzima. Mshale ulisimama pale pale kama umepigiliwa msumari.

"Umeona?" Boyd akanyanyua uso, macho yakimng'aa. "Ukuta wa shingo ni sawasawa pande zote. Ganda likiwa nene upande mmoja, kichwa cha risasi kinakaa upogo, na ukipiga mbali unaua ng'ombe wa jirani badala ya kutoboa shabaha. Hili hapa ni malkia. Unaweza kununua boksi zima dukani usipate hata dada yake."

"Sema lugha ya watu, Boyd," alisema Sherifu Wade Burkhart, aliyekuwa ameegemea jokofu la chambo huku akitafuna nyama kavu. "Ni la Arvid au si la Arvid?"

"La Arvid tupu. Tena la sandukuni kwake, si la kwenye kopo."

Hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa imening'inia. Royce Tatum, mwenye ranchi kubwa kuliko zote mjini Kessler, alikuwa ameanguka kando ya uzio wake na koleo la waya mkononi. Watu walisikia mlio mmoja tu. Risasi iliyomuua ilisambaratika kwenye mfupa, haikubaki kipande cha kulinganisha na bunduki yoyote. Lakini juu ya kilima kilichotazama uzio ule, kwenye majani yaliyolaliwa na mtu, Dee mwenyewe aliokota ganda moja la shaba. Maabara ya jimbo ikajibu bila kigugumizi: alama ya pini inayogonga kitako na alama za komeo linaloifungia risasi ndani ni za bunduki ya Arvid Tollefsrud, fundi mitambo mstaafu wa karakana ya reli na bingwa wa shabaha wa bonde zima. Na Arvid huyo huyo, wiki moja kabla, mkahawani kwa Peg, alimwambia Tatum mbele ya watu wanaokula pai kwamba mtu anayefunga barabara ya uwanja wa shabaha kwa kufuli anastahili kuzikwa na ufunguo wake.

Tundu la kesi hiyo lilikuwa moja. Kwenye banda la klabu, Arvid alikuwa na kopo la kahawa ambamo alimwaga maganda aliyoyakataa, ili wanaojifunza kujaza risasi wenyewe wajichotee bure. Yote yalikuwa yamepigwa kwa bunduki yake mara moja. Wakili yeyote angesimama na kusema: mheshimiwa, kila mtu anachota kwenye kopo lile! Ndiyo maana sherifu alimwita Boyd, mwenye duka na mwenyekiti wa klabu, aamue kama lile ganda ni teule au ni la kukataliwa.

Boyd akalivuta kopo lenyewe, likalia kama njuga. Akatoa ganda moja, akalizungusha. Mshale ukaruka huku na huko. Akatoa la pili: shingo ina ufa. La tatu likachezesha mshale hadi sherifu akacheka.

"Takataka," Boyd alisema. "Arvid hajawahi kutupa ganda zuri tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo hilo lenu lilitoka sandukuni, na sanduku liko nyumbani kwake chini ya ufunguo. Samahani kwa mzee, lakini shaba haisemi uongo."

Dee alikuwa ameinama juu ya ganda la kilimani. Kitakoni, pale inapoingia fataki, kile kidude kinachowasha baruti, kulikuwa na uzi mwembamba wa rangi nyekundu.

"Na hii nyekundu ni nini?"

"Rangi ya kiwandani," alijibu Boyd, akifunga kifuniko cha kopo. "Wanapaka kuzuia maji yasiingie kwenye fataki."

Dee akaona kwamba amejibu bila kuinama kutazama.

"Nisaidie na hili, Boyd. Bunduki ya Arvid ni ya komeo. Haitemi ganda mpaka ulivute kwa mkono. Alipiga mara moja tu. Alilivuta ya nini?"

"Mazoea, bibie. Ukishapiga, mkono unavuta wenyewe."

"Halafu anamwacha malkia kwenye majani?"

Boyd akacheka, na sherifu akacheka naye. "Ametoka kuua mtu! Wewe ungekumbuka kuosha vyombo?"

"Imetosha," alisema sherifu, akijifuta mafuta ya nyama kwenye suruali. "Mchana huu Arvid anasimama mbele ya hakimu, kesi ya kuua kwa kukusudia. Dee, rudisha vielelezo ofisini."

Dee akachukua vielelezo. Ila hakuvipeleka kabatini. Alivipakia kwenye pikapu pamoja na kopo la kahawa, akapitia kabati la vitu vilivyochukuliwa nyumbani kwa Arvid, akatoa kipimo chake na sanduku lake, kisha akateremka ngazi za mahabusu mbili mbili. Alikuwa na mwasho wa aina ile inayomshika mpelelezi kati ya mabega, mahali asipofikia kujikuna.

"Mzee amegoma," mlinzi alimwambia mlangoni. "Supu hagusi. Kahawa hagusi. Mkate tu, tena akigeukia ukuta. Dhamira inamla."

Arvid Tollefsrud alikuwa ameketi wima kwenye chumba cha mahojiano, ndani ya nguo za rangi ya chungwa zilizompwaya, mikono yake chini ya meza. Mbele yake kikombe cha kahawa kilikuwa kimejaa hadi ukingoni na kimeshapoa. Alipoona kile alichobeba Dee, uso wake ukawaka, kisha ukakunjamana.

"Umekifunga kipimo changu kwenye taulo? Nani kakufundisha, mama? Ungekitia kabisa kwenye gunia la viazi!"

"Shikamoo na wewe, mzee."

"Nionyeshe hilo ganda wanalonipigia kelele."

Dee akaliweka mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. Arvid akainama kulitazama, asilitolee mkono.

"Boyd amelipima?"

"Mbele yangu. Mshale haukucheza."

"Basi ni la sandukuni."

"Mzee, unajua unachosema? Unajifunga kamba mwenyewe shingoni."

"Miaka arobaini sijatupa ganda zuri, wala sijatunza bovu. Kama mshale haukucheza, halikutoka kwenye kopo. Nitasema uongo kwa sababu nimevaa nguo za chungwa?"

Dee akafungua sanduku. Lilikuwa la mbao, kazi ya mkono wa Arvid mwenyewe, lenye vishimo vilivyopangwa safu safu, na kila kishimo kilikuwa na ganda lake.

"Sasa nieleze. Hakuna kishimo kitupu. Hakuna aliyevunja kwako. Ganda lilifikaje kilimani?"

"Hiyo ndiyo kazi yako. Yangu ni kuchagua shaba."

"Haya, nifundishe kuchagua. Mimi nanunua risasi za boksi, sijui lolote."

Mzee hakuhitaji kubembelezwa. Akaanza, na sauti yake ikapata nguvu kama mtu aliyerudishiwa nyumba. Kwanza unanunua maganda mapya ya kundi moja, usichanganye makundi, kama usivyochanganya mbwa wa wawindaji wawili. Unatazama tundu la ndani ambamo moto wa fataki unapita: liwe katikati, lisiwe na mabaki ya chuma. Unatazama mdomo kama una mikunjo. Halafu unayapiga yote mara moja kwa bunduki yako mwenyewe, ili kila ganda litanuke na kukaa kwenye chemba ya bunduki hiyo, pale risasi inapolala, kama kiatu kinavyozoea mguu. Baada ya hapo tu ndipo unayapima shingo.

"Nionyeshe."

"Nimekueleza."

"Nionyeshe kwa mkono, mzee."

"Sina miwani."

"Unayo puani."

Dee akachomoa ganda moja sandukuni na kulilaza kwenye kipimo. Wakabaki hivyo, wawili na mshale, mpaka mzee akavuta pumzi na kuutoa mkono wa kulia chini ya meza. Akalishika ganda na kulizungusha.

Mshale ukaruka.

"Bovu!" Arvid akafoka. "Limeingiaje humu? Leta jingine."

La pili, mshale ukaruka zaidi. La tatu vilevile. Jasho likaanza kumtoka mzee kwenye mstari wa nywele, naye akawa anayatazama maganda yake kama mtu aliyewakuta wanawe wakiiba. Dee hakuwa akitazama mshale tena. Alikuwa anatazama kidole. Kilikuwa kinacheza chenyewe, kidogo kidogo, bila kupumzika.

Akasogeza kipimo upande wake, akalilaza ganda lile lile la tatu, na kwa mkono wake ambao haujafundishwa na mtu akalizungusha mzunguko mzima. Mshale ukatulia tuli. Akarudia la pili. Tuli. La kwanza. Tuli.

Dee akakisogeza kipimo kando.

"Tangu lini, mzee?" Dee aliuliza kwa upole.

Arvid aliurudisha mkono chini ya meza. "Theluji iliyopita."

"Nani anajua?"

"Mke wangu Inga angejua, angeniona siku ya kwanza. Inga ameshakufa. Ningemwambia nani? Daktari aninyang'anye leseni ya gari? Klabu waniambie mzee kaa kwenye kiti utupigie makofi? Mtu wa mkono wa kutetemeka hapewi bunduki uwanjani, sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe."

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

"Ndiyo. Mama yangu naye alikuwa na misemo."

"Sasa sikiliza, mzee. Tangu theluji ile umenunua maganda mapya?"

"Nimenunua! Tena kiwanda kile kile nilichokiamini maisha yangu yote. Mabovu matupu! Karibu yote niliyamwaga kwenye kopo. Nikawaandikia barua ya matusi kwamba siku hizi mnatengeneza mabomba ya..." Akakwama. Mdomo ukabaki wazi. Akautazama mshale uliotulia, akayatazama maganda matatu, akamtazama Dee.

"Yalikuwa mazuri," akasema taratibu. "Nimetupa maganda mazuri."

"Ulitupa mazuri!" Dee akapiga meza, kahawa ikaruka kikombeni. Hakuweza kujizuia, alikuwa ameshasimama. "Kopo lilikuwa limejaa malkia watupu! Mtu yeyote angechota!"

"Unacheka? Mwenzio nimeumbuka, wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu umetoka, mzee! Kwanza mkono huo haukumpiga Tatum kutoka kilima kile. Mkono huo usingepiga hata ghala lake."

"Ghala ningelipiga," alisema Arvid kwa uchungu.

Dee akalinyanyua kopo la kahawa na kulimwaga mezani. Maganda yakatawanyika, mengine yakaanguka sakafuni. Hapo furaha yake ikaanza kupoa, maana haya yalikuwa mabovu kweli. Mengine yalikuwa na nyufa ambazo mtoto angeziona. Kama Arvid alitupa mazuri, mazuri yalikuwa wapi?

Mzee alikuwa ameinama juu ya lundo, pua karibu iguse shaba.

"Nukta ziko wapi?"

"Nukta gani?"

"Haya si yangu! Nani kaniwekea uchafu huu kwenye kopo langu? Yangu ninayoyakataa huwa nayatia nukta kitakoni, nusu juu ya fataki na nusu juu ya shaba, ili wanaojifunza wasiyachanganye na ya kwao. Napaka rangi ya kucha ya Inga. Aliacha chupa nyingi, nami sina mwingine wa kumpa."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Ile ya kwenda nayo kanisani."

Dee akapekua mfuko wa koti kutafuta kioo cha kukuzia, akaangusha funguo, akaangusha mbegu za alizeti, akakipata. Akalisogeza ganda la kilimani chini ya taa, ndani ya plastiki yake, na kufumba jicho moja. Ule uzi mwekundu kuzunguka fataki ulikuwepo. Lakini kiwanda, kikipaka rangi ya kuzuia maji, kinapaka hapo kwenye duara tu. Dee akaendelea kutafuta, akifuata herufi za kiwanda zilizochongwa kitakoni, moja baada ya nyingine. Kwenye pembe ya herufi ya tatu, ndani kabisa ya mchoro, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na tone dogo jekundu.

Mtu alikuwa ameifuta nukta. Alichukua ganda lililokataliwa, akaliondolea alama ya kukataliwa, akalipandisha cheo, kisha akampiga Tatum kwa bunduki nyingine na kuliacha ganda hilo kilimani ili kumfunga Arvid. Akalimwaga kopo lote na kulijaza takataka, ili kila atakayepima aseme kwamba mazuri hayawezi kutoka humo. Na mtu huyo lazima alikuwa ameshayapima ya kopo akajua siri ambayo mwenye kopo mwenyewe hakuijua.

"Mzee, nani ana ufunguo wa banda la klabu?"

"Mwenyekiti."

Walitazamana.

"Hapana," alisema Arvid. "Boyd? Boyd nilimfundisha mimi kushika kipimo."

"Na duka lake limesimama kwenye ardhi ya nani?"

Kessler nzima ilijua jibu. Ardhi ilikuwa ya Tatum, na Tatum alikuwa ameshamwambia Boyd kwamba masika yakifika abomoe aondoke.

Dee alimkuta sherifu koridoni, ameshavaa koti la mahakamani.

"Ahirisha."

"Dee."

"Ahirisha, Sherifu, nakuomba! Mzee hawezi kupiga. Mkono wake unatetemeka, na mshahidi wetu mtaalamu ndiye muuaji wetu."

"Polepole. Mzee kutetemeka hakumfanyi malaika. Ningekuwa mimi nimekamatwa ningetetemeka mpaka meno."

"Njoo uone."

"Nimekwisha kuona wazee wanaojifanya..."

"Wade." Sauti ilitoka chumbani. Arvid alikuwa amesimama nyuma ya meza. "Ingia ufunge mlango. Hapana, uache wazi. Wacha waone."

Sherifu akaingia. Mlinzi naye akachungulia. Arvid akautoa mkono wa kulia, akashika sikio la kile kikombe cha kahawa iliyopoa, akakiinua. Kikombe kilianza kucheza kabla hakijaachana na meza. Kahawa ikamwagika kwenye maganda, kwenye kifua cha nguo ya chungwa, kwenye mkono wake wenyewe, lakini mzee hakukiweka chini. Alikipeleka hadi mdomoni, kikagonga meno yake, akanywa kilichobaki na kukirudisha mezani. Muda wote huo alikuwa akimtazama sherifu usoni.

Wade Burkhart akavua kofia.

"Ungesema mapema, Arvid."

"Nimesema leo."

Dee hakungoja machozi ya mtu. Akaeleza mambo haraka haraka: kopo, nukta, rangi ndani ya herufi, ufunguo, ardhi. Sherifu alisikiliza akikunjakunja ukingo wa kofia yake.

"Hakimu atatia saini hati ya upekuzi," alisema mwishowe. "Lakini tutapekua nini? Tukimkuta na maganda dukani, duka la bunduki si lazima liwe na maganda? Tunataka yale ya kopo. Na yale ya kopo, mtu mwenye akili timamu ameshayatupa mtoni. Mto uko nyuma ya duka lake. Mimi ningeyatupa siku ile ile."

"Wewe, ndiyo," alisema Arvid. Alikuwa akijifuta kahawa kifuani kwa lile taulo. "Wewe unanunua za boksi. Boyd aliyapima yote, Wade. Alikaa akayapima moja moja, akaona mshale umetulia, umetulia, umetulia. Halafu akayatupe mtoni?" Akatikisa kichwa. "Hawezi. Hata mimi nisingeweza, na Mungu anisamehe. Hakuna kati yetu anayeweza."

Dee alikuwa ameshafika ngazini.

Kengele ya mlango wa duka ililia walipoingia na hati ya upekuzi. Boyd Hanratty aliisoma yote, akairudisha, akatandaza mikono.

"Karibuni. Mkimaliza mnipangie rafu, zimenishinda."

Dee akapita nyuma ya kaunta, akasukuma pazia la chumba cha kujazia. Kilikuwa chumba safi kuliko jiko la mtawa. Juu ya benchi kulikuwa na mashine ya kujazia iliyofunikwa kitambaa, kipimo, na pembeni, kando ya chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, trei ya mbao yenye risasi zilizokwisha kujazwa. Zilikuwa nyingi, zimesimama safu kwa safu, zinang'aa, kila moja ikiwa na kimo cha mwenzake.

"Mke wako anapaka kucha, Boyd?" Dee aliuliza.

"Sina mke, unajua hivyo. Ni ya kusafishia gundi."

Dee akachomoa risasi moja, akaigeuza kitako juu. Fataki ilikuwa mpya. Akaweka kioo jichoni. Herufi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Akauegemeza mkono kwenye benchi. Kwenye tumbo la herufi ya nne kulikuwa na wekundu, mdogo kama mbegu ya haradali.

Akachomoa nyingine. Wekundu. Nyingine tena. Hii ilikuwa safi. Iliyofuata ilikuwa na wekundu kwenye herufi mbili.

"Sherifu!" akaita, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Njoo uangalie!"

Boyd alikuwa amefuata hadi kwenye pazia. "Nilikwambia asubuhi. Rangi ya kiwandani."

"Fataki hizi ni mpya, umezitia wewe. Kama ni rangi ya fataki, ingetoka na fataki za zamani. Hii iko ndani ya herufi." Akamnyooshea kioo. "Asubuhi hukuinama kutazama. Tazama sasa. Na maabara watatazama alama za komeo hapo kitakoni, nazo ni za bunduki ya Arvid Tollefsrud, si za yako. Risasi zako zote hizi, Boyd, zimelelewa kwenye bunduki ya mtu mwingine."

Boyd hakukichukua kioo. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Kupitia dirisha la nyuma mto ulionekana ukikimbia, umejaa, maji yake ya kahawia yakibeba matawi.

"Ulihitaji ganda moja tu," Dee alisema. "Na mto huo hapo. Kwa nini hukuyatupa?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Boyd alionekana kufikiri kabla ya kujibu. Aliitazama trei ile safu kwa safu.

"Wewe ulikuwepo asubuhi," alisema. "Uliuona mshale."

Sherifu akamgeuza, akamfunga pingu na kuanza kumsomea haki zake. Dee akashika trei kwa mikono miwili ili aibebe hadi kwenye pikapu, na kwa haraka yake akaiinamisha. Safu ya mbele ikaegemea, risasi zikagongana.

"Taratibu!" Boyd akapiga kelele, akijivuta mbele na pingu zake. "Taratibu, mama, usizimwage! Zimeshapangwa!"